Deni la Asiyekopa

Tarehe 25 Juni 2009, mjini New York, David Stern, aliyekuwa kamishna wa NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, alisimama jukwaani akaanza kusoma majina. La kwanza lilikuwa la Blake Griffin. La pili lilikuwa la Hasheem Thabeet, kijana wa miaka 22, mzaliwa wa Dar es Salaam, mwenye kimo cha mita 2.21. Timu ya Memphis Grizzlies ndiyo iliyomchagua, na kwa uchaguzi huo akawa Mtanzania wa kwanza kufika katika ligi hiyo. Baada yake yalisomwa majina mengine mengi. La tatu lilikuwa la James Harden. La saba lilikuwa la Stephen Curry.

Miaka mitano ilipopita, Thabeet alikuwa amekwisha kupita katika timu nne na safari yake katika NBA ilikuwa imefika ukingoni. Michezo 224, wastani wa pointi 2 na kidogo kwa kila mchezo: hayo ndiyo yaliyoandikwa katika daftari lake. Harden na Curry, kila mmoja kwa wakati wake, walitawazwa kuwa wachezaji bora wa ligi nzima. Tangu hapo, kila zinapotungwa orodha za vijana waliochaguliwa vibaya, jina la kijana wa Dar es Salaam halikosi kutajwa, na neno linaloambatanishwa nalo ni hasara.

Mas-ala yenyewe ni haya: kijana huyu alimkosea nani? Hakuna aliyepata kusema kwamba aliiba, au alidanganya umri, au alikataa kucheza. Kosa analoshitakiwa ni kwamba hakuwa yule ambaye watu wengine walidhani atakuwa. Je, hilo linaweza kuwa kosa la mtu?

Kabla ya kujibu, inafaa mchezo wenyewe wa kuchagua ueleweke. Kila mwaka, timu za NBA huchagua vijana wapya kwa zamu, duru mbili, kwa kawaida vijana 60 hivi. Uchaguzi huu huitwa drafti. Zamu za mbele hupewa timu zilizoshindwa zaidi, ili mnyonge apate nguvu, na tangu mwaka 1985 kura hupigwa ili kuamua nani atangulie miongoni mwa wanyonge hao. Makusudio ni mema. Lakini matokeo yake ni kwamba kijana anayesifiwa kuliko wenziwe hupelekwa moja kwa moja katika nyumba yenye shida kuliko zote, na huko hutarajiwa awe dawa. Tena nambari yake ya kuitwa ndiyo inayoamua malipo yake ya miaka ya mwanzo. Basi nambari hiyo, ambayo si yeye aliyeiandika, huwa jina lake la pili. Atazeeka akiitwa 'yule wa pili wa mwaka 2009'.

Kabla ya siku hiyo, vijana hupimwa. Hupimwa kimo, urefu wa mikono iliyotandazwa, uzito, mruko wa juu na mbio, na katika miaka iliyopita hata nguvu ya kunyanyua chuma. Wapenzi wa ushairi hawatakosa kuutambua upimaji wa namna hii. Shairi nalo lina mizani na vina, na asiyeweza kuhesabu mizani kumi na sita katika mshororo wake bado hajaingia ukumbini. Lakini kila msomaji amekwisha kukutana na shairi lililotimia mizani yote, vina vikakaa mahali pake kama shanga katika uzi, na bado likawa maiti iliyokoshwa vizuri. Mizani hueleza kwamba mlango umefunguka. Haielezi aliyeingia ni nani.

Mwaka 2007 kijana mmoja mwembamba, Kevin Durant, alipelekwa katika vipimo hivyo, akatakiwa anyanyue chuma cha ratili 185. Hakuweza kukinyanyua hata mara moja. Wengine walicheka, wengine walitikisa vichwa. Alichaguliwa wa pili, nyuma ya Greg Oden, jitu la kimo na misuli ambalo Portland waliliona kuwa amana ya miaka kumi na mitano. Mnamo Septemba ya mwaka huo huo Oden alipasuliwa goti, na magoti yake hayakumwacha acheze tena kwa raha. Durant alikuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2014. Chuma kilipimwa sawasawa, na hakuna aliyekosea hesabu. Ila swali lililoulizwa halikuwa swali la mchezo, kwani hakuna anayefunga mpira kikapuni akiwa amelala chali na chuma kifuani.

Hapa wahenga huletwa kizimbani kutoa ushahidi: nyota njema huonekana asubuhi. Na haifai kuwakatalia. Mwaka 2003 LeBron James alichaguliwa wa kwanza akiwa ametoka skuli ya sekondari, umri wake miaka 18, na aliyeona nyota hiyo asubuhi hakukosea. Lakini methali husema kwamba nyota njema huonekana. Haikusema kwamba kila kinachong'aa alfajiri ni nyota, wala kwamba nyota isiyoonekana alfajiri haipo. Marc Gasol, Mhispania, aliitwa wa 48 mwaka 2007. Nikola Jokić, Mserbia mnene asiyeruka juu, aliitwa wa 41 mwaka 2014, kisha akawa mchezaji bora mwaka 2021, mwaka 2022 na mwaka 2024, na akaipa Denver ubingwa wake wa kwanza mwaka 2023. Mawingu ya asubuhi si hoja dhidi ya nyota.

Wanafalsafa wa kale walilijua tatizo hili. Aristotle alitenga baina ya kitu kuwa kwa tendo na kitu kuwa kwa uwezo: kokwa ya embe si mwembe, lakini si jiwe pia. Imo safarini. Hata hivyo mfano wa kokwa unaweza kupotosha, kwani unamfanya mtu adhani kwamba kila kilichomo ndani kimekwisha kuandikwa, na kazi ya mpimaji ni kupasua ganda na kusoma. Mwanadamu hayuko hivyo. Uwezo wake haukai ndani yake peke yake kama kokwa ndani ya embe. Sehemu yake imo ndani, na sehemu nyingine imo katika mahali, katika wakati, na katika mikono ya waliompokea.

Mafundi wa majahazi wa pwani wangeweza kulieleza jambo hili bila ya kitabu. Fundi anapotafuta mti wa mlingoti, hutafuta ulionyooka. Anapotafuta mbao za mataruma, yaani zile mbavu za chombo, hutafuta tawi lililopinda kwa maumbile yake, kwani tawi lililokuwa limepinda lina nguvu ambayo ubao uliokatwa kwa msumeno hauna. Basi ukimwonyesha fundi mti na kumuuliza, "Huu ni mzuri?", naye atakuuliza, "Mzuri wa kuwa nini?" Asiyeuliza swali hilo si fundi, ni mchuuzi wa kuni. Mti uliopinda ukisimamishwa kuwa mlingoti, chombo kitakwenda mrama, na watu wataulaani mti.

Thabeet alifika Memphis akiwa ameanza kuushika mpira wa kikapu alipokuwa na umri wa miaka 15 hivi. Katika Chuo Kikuu cha Connecticut alikaa misimu mitatu, na alikuwa mlinzi wa kikapu wa kuogopwa: katika msimu wake wa mwisho alizuia mipira zaidi ya 4 kwa kila mchezo, na mara mbili alitunukiwa kuwa mlinzi bora wa jumuiya ya vyuo walimochezea. Hayo hayakuwa ndoto ya mtu, yalitendeka mbele ya macho. Lakini Memphis palikuwa tayari na mtu katika nafasi ile ile ya kati, na mtu huyo alikuwa Marc Gasol, yule wa 48. Kijana aliyehitaji kucheza sana ili ajifunze alipewa kama dakika 13 kwa mchezo, na kabla ya msimu wa kwanza haujamalizika alipelekwa kwa muda katika ligi ndogo ya kukuzia wachezaji. Haisemwi hapa kwamba angepewa dakika 30 angekuwa bingwa. Hilo ni katika elimu ya ghaibu, na asiyekuwa na ghaibu asiiuze. Linalosemwa ni kwamba waliomwita hasara hawakupata kumwona mahali panapomfaa, na hata hivyo walitoa hukumu ya mwisho.

Kuna jambo la pili lililofichika katika kupima vijana, nalo ni uvivu wa mfano. Mwaka 1984 Houston walimchagua wa kwanza kijana wa Lagos, Hakeem Olajuwon, ambaye naye aliuanza mpira wa kikapu akiwa kijana wa miaka 15 hivi. Akawa mmoja wa wakubwa wa mchezo huu na akawaletea Houston ubingwa mwaka 1994 na mwaka 1995. Mwaka 1991 Denver walimchagua wa nne Dikembe Mutombo wa Kinshasa, naye akawa ukuta. Basi anapokuja kijana mwingine mrefu kutoka Afrika, aliyechelewa kuanza, jicho la mpimaji huona wale wawili kabla ya kumwona huyu mmoja. Lagos, Kinshasa na Dar es Salaam ni miji iliyo mbalimbali, na mama watatu walizaa watoto watatu. Lakini kimo kikifanana, na rangi ikifanana, mvivu huona kwamba amekwisha kusoma kitabu kwa sababu ameona jalada. Kumsifu kijana kwa sifa za mwingine si kumsifu. Ni kumvisha joho la mtu kisha kumcheka linapomburura.

Jambo la tatu ni wakati. Hukumu hufungwa lini? Mwaka 2012 mtu angeweza kusimama na kusema kwamba Stephen Curry amewapotezea Golden State zamu yao. Vifundo vya miguu yake vilikuwa vibovu, na katika msimu wa 2011 hadi 2012 alicheza michezo 26 tu. Timu yake ilimpa mkataba mpya wa malipo madogo kwa kadiri ya kipaji chake, kwa kuwa iliogopa vifundo hivyo. Aliyefunga daftari siku hiyo alikuwa na ushahidi wote mkononi, na alikuwa amekosea. Ubingwa wa mwaka 2015 ulikuja, kisha wa 2017, wa 2018 na wa 2022. Mvumilivu hula mbivu, ndivyo isemwavyo, lakini methali hiyo huambiwa anayengoja. Ni mara chache kuambiwa mwenye mti, ambaye ndiye mwenye shoka.

Sasa inafaa kurudi kwenye swali la mwanzo. Ubaya wa neno hasara si ukali wake tu, ni mantiki yake. Watu humtazama kijana na kusema, "Ana uwezo." Neno hilo ni dhana ya mtazamaji. Siku ya pili dhana hugeuka matarajio. Siku ya tatu matarajio huitwa ahadi, na watu husema, "Kijana huyu ana ahadi kubwa," kana kwamba yeye ndiye aliyefungua kinywa akaahidi. Siku ya nne ahadi huwa deni. Na siku ya tano, mtu ambaye hakukopa huburuzwa sokoni mchana kweupe akitakiwa alipe, na wanaomdai ni wale wale waliojikopesha kwa jina lake. Katika safari yote hiyo, kutoka dhana hadi deni, kijana hakutia saini hata pahala pamoja.

Zipo hoja za upande wa pili, na ni haki zisikilizwe. Ya kwanza ni kwamba kijana alipokea fedha. Timu ilimlipa mamilioni ya dola, naye hakuyarudisha. Hoja hii ina uzito, kwani anayepokea ujira anadaiwa kazi. Lakini anadaiwa kazi, hadaiwi muujiza. Anadaiwa ahudhurie mazoezi, autunze mwili wake, awatii walimu wake, asimame anapoambiwa asimame. Mvuvi aliyelipwa kutwa anadaiwa kutwa yake na nyavu zake. Akirudi na dau tupu baada ya kuvua kwa uaminifu, mwenye dau ana haki ya kusikitika, na hata ya kutomwajiri kesho. Haki ya kumwita mwizi hana. Baina ya juhudi na tokeo pana bahari nzima, na bahari hiyo si mali ya mvuvi.

Hoja ya pili ni kwamba kuchagua ni lazima. Timu haiwezi kukaa kimya zamu yake inapofika, na anayelazimika kuchagua hawezi kuambiwa asihukumu. Hili nalo ni kweli. Lakini kuchagua ni tendo la anayechagua, na tendo hufuatana na mtendaji wake. Mwaka 1984, baada ya Houston kumchukua Olajuwon, Portland walimchukua Sam Bowie, wakamwacha Michael Jordan aende Chicago kwa nafasi ya tatu. Portland walikuwa na sababu. Walitaka mtu mrefu wa kati, na katika nafasi ya Jordan walikuwa tayari na Clyde Drexler, waliyemchagua mwaka uliotangulia. Walijua pia kwamba Bowie alikuwa amepoteza misimu miwili mizima chuoni kwa sababu ya mguu uliovunjika. Waliyapima hayo yote wakaamua. Bowie aliumia tena, akapona, akaumia, na juu ya hayo akacheza katika ligi hadi mwaka 1995, akiwa na wastani wa pointi zaidi ya 10 kwa mchezo. Hayo ni maisha ya mchezaji wa heshima. Lakini hakuna anayeyapima maisha hayo kwa kipimo chake. Hupimwa kwa mabingwa sita wa Jordan, yaani kwa ubingwa sita ambao mtu mwingine aliupata katika mji mwingine. Aliyekosea kuchagua alikuwa na meza, kalamu na zamu. Aliyebeba kosa alikuwa na mguu uliovunjika.

Hoja ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, nayo ni kwamba bila ya matarajio hakuna malezi. Kijana asiyeambiwa na mtu yeyote kwamba anaweza, huenda asiweze. Samaki mkunje angali mbichi, na anayemkunja lazima awe na umbo akilini. Je, kumvua kijana mzigo wa matarajio si kumvua pia tumaini? Jibu ni kwamba matarajio yako ya namna mbili. Yako matarajio yanayosema, "Ninaona kitu kwako, nami nitakaa nawe mpaka tujue ni kitu gani." Na yako yanayosema, "Nimekulipia, nionyeshe." Ya kwanza humfunga aliyetarajia kama yanavyomfunga aliyetarajiwa, na kwa hivyo ni malezi. Ya pili humfunga mmoja tu, na kwa hivyo ni riba.

Kutokana na hayo hupatikana adabu ya mpimaji, na si ya mpimaji wa mpira wa kikapu pekee. Mwalimu anayeandika ripoti ya mwanafunzi, mhariri anayepokea shairi la kwanza la mtu asiyemjua, mzee anayemtazama mjukuu na kusema "huyu atakuwa hakimu, na huyu hatafika popote", wote wanakaa katika meza moja na wale wa New York. Adabu ya kwanza ni kutenga alichokiona na alichokitamani, na kusema kila kimoja kwa jina lake. Adabu ya pili ni kuuliza kama fundi wa jahazi, "Mzuri wa kuwa nini, na katika chombo gani?", kabla ya kusema mzuri au mbaya. Adabu ya tatu ni kuuchukua mwenyewe mzigo wa kukosea. Anayesema "nilikosea kumpima" amesema kweli yenye heshima. Anayesema "amenikosea" amemtwisha mwingine mzigo ambao ni wake.

Darko Miličić alichaguliwa wa pili mwaka 2003, umri wake miaka 18, mbele ya Carmelo Anthony, Chris Bosh na Dwyane Wade. Detroit ilikuwa timu imara iliyotwaa ubingwa mwaka uliofuata, na kijana akaushuhudia ubingwa huo zaidi akiwa benchini. Alichekwa kwa miaka mingi. Mpira ulipokwisha alirudi Serbia akawa mkulima, akapanda matunda. Wapo wanaolisimulia jambo hilo kama kichekesho cha mwisho: kutoka NBA hadi matofaa. Lakini mwenye kujua miti hawezi kucheka, kwani anajua kwamba asiyeuelewa mti huu asiupande, na aliyeupanda hawezi kuutukana kwa kuchelewa.

Na Hasheem Thabeet aliendelea kucheza baada ya NBA, katika nchi za Japani na Taiwan, ambako umati ulimlipia kiingilio na kumshangilia, na ambako hakuna aliyemdai nambari mbili. Nyumbani Tanzania, kijana anayerusha mpira leo kwenye uwanja wa saruji uliopasuka anajua kwamba njia ile iliwahi kupitwa, na aliyeipita alitoka mtaani kama wake. Jambo hilo halimo katika daftari la pointi na dakika. Waliopima mwaka 2009 hawakuwa na chombo cha kulipimia, na waliohukumu baadaye hawakulitafuta.